Andazi la mia limekwenda wapi?

Kwenye kona ya mtaa wetu hapa Nkuhungu kuna mama anayeinjika karai lake kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa miaka andazi lake lilikuwa mia. Baadaye likapungua, bei ikabaki mia. Likapungua tena, mpaka asubuhi moja kijana wa bodaboda akalitazama kiganjani na kumwuliza, "Mama, siku hizi unauza kalimati?" Watu walicheka, mama naye akacheka, lakini wiki iliyofuata andazi lilirudia umbo lake la zamani na bei ikawa mia mbili.

Nilimwuliza kwa nini asingeweka mia na hamsini.

"Mwanangu, hiyo hamsini ya kukurudishia nitaitoa wapi?"

Kilomita chache kutoka kwenye karai hilo, katika jiji hilihili la Dodoma, ndiko yaliko makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila mwezi ofisi hiyo hutangaza mfumuko wa bei. Wastani wa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Andazi limepanda kwa asilimia mia moja kwa siku moja, nchi imepanda kwa asilimia tatu kwa mwaka mzima. Ukisoma takwimu hizo huku umeshika andazi, rahisi kusema kuna mtu anadanganya. Nimejaribu kulifuatilia jambo hili kwa muda, na ninachokiona ni kwamba wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anapima kitu chake.

Tuanze na neno lenyewe. Mfumuko wa bei ni mwendo, si mahali ulipofika. Basi linalotoka Dar es Salaam likifika Gairo likapunguza mwendo, abiria hawajarudi Morogoro. Bado wanakuja Dodoma, ila taratibu. Vivyo hivyo, mfumuko ukishuka kutoka asilimia 4 hadi 3, bei hazijashuka hata senti moja. Zimeendelea kupanda, kwa mwendo mdogo zaidi. Ukitaka kujua umefika wapi, unajumlisha safari nzima. Mwaka 2021 wastani ulikuwa asilimia 3.7, mwaka 2022 ukawa 4.3, mwaka 2023 ukawa 3.8, na 2024 ndiyo hiyo 3.1. Bidhaa zilizogharimu shilingi 10,000 mwaka 2020 zilihitaji takriban 11,570 mwaka 2024. Kila mwaka peke yake ni mpole. Ikija miaka minne mfululizo, na kipato kikawa kilekile, ndipo mtu anahisi mfuko umetoboka.

Ni haki pia kukumbuka tulikotoka. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifikia asilimia 19.8. Waliokuwa wanapanga bajeti ya nyumba wakati ule hawahitaji kuambiwa tofauti. Benki Kuu siku hizi hulenga mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5, na kwa miaka kadhaa umebaki humo. Hilo ni jambo la maana. Lakini ni wastani, na wastani una tabia ya kutomfanana mtu yeyote.

Kikapu cha taifa na kapu lako

Ili kupata namba moja, watakwimu huchukua kikapu cha bidhaa na huduma. Kikapu cha sasa, kinachotumia mwaka 2020 kama mwaka wa kizio, yaani wa kulinganishia bei, kina bidhaa na huduma 383, kuanzia mchele hadi nauli na muda wa maongezi. Kila kundi hupewa uzito kulingana na kiasi ambacho kaya hutumia. Vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2 ya kikapu kizima.

Hapo simama kidogo. Asilimia 28 maana yake ni kwamba katika kila shilingi mia, chakula kinachukua ishirini na nane. Sasa mfikirie mlinzi anayelala Chang'ombe ya hapa jijini na watoto wanne: kati ya kila mia anayopata, huenda sitini zinakwenda kwenye sufuria. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 10 na vitu vingine vyote vimepanda kwa asilimia 1. Kwa kikapu cha taifa, mfumuko utasomeka asilimia 3 na nusu hivi. Kwa mlinzi wetu ni asilimia 6.4. Bei ni zilezile na soko ni lilelile, lakini yeye ameumia karibu mara mbili. Mwenye gari na nyumba ya kupanga Area D, ambaye chakula kwake ni sehemu ndogo ya matumizi, anaweza kuwa na mfumuko wake wa asilimia 2 na akashangaa watu wanalalamikia nini.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Wataalamu hutoa pia namba ya pili, mfumuko wa msingi, ambayo huondoa nishati pamoja na vyakula ambavyo havijasindikwa, kwa sababu bei zake hurukaruka mno. Kwa mtu wa Benki Kuu anayeamua riba, ni kipimo kizuri: hapaswi kubadili sera kwa sababu nyanya zimeadimika wiki mbili. Kwa anayepika, nyanya, mchele na mkaa ndivyo anavyonunua kila siku, na ndivyo vimeachwa nje.

Sarafu, fungu na kopo

Turudi kwa mama wa maandazi na hamsini yake, kwa sababu hapo ndipo penye siri ambayo vitabu vya uchumi huipitia haraka.

Kisheria tuna sarafu ndogo za shilingi 5, 10 na 20. Mtaani ni nani aliyeiona hivi karibuni? Kinachozunguka ni 50, 100, 200 na 500, na hamsini yenyewe huadimika. Kwa hiyo bei ya kitu kidogo haiwezi kupanda kidogo. Friji ya laki tano ikipanda kwa asilimia 4 inakuwa laki tano na ishirini, hakuna shida. Andazi la mia likipanda kwa asilimia 4 liwe 104? Mwuzaji ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kunyamaza na kupunguza donge. Ya pili, pale donge linapokuwa aibu, ni kuruka ngazi nzima. Pipi ya hamsini inakuwa mia, kitumbua cha mia mbili kinakuwa mia tatu. Mruko huo unabeba ndani yake miaka mitatu minne ya gharama zilizokuwa zimefichwa, ila mteja anauona wote siku moja.

Hesabu ya donge nayo ni hii: andazi la gramu 60 likiwa gramu 45 kwa bei ileile, umelipa theluthi moja zaidi kwa kila tonge bila mtu kukutangazia. Viwanda vikubwa hufanya hivyohivyo kwenye pakiti za biskuti na miche ya sabuni, tofauti ni kwamba vyenyewe huandika uzito kwa maandishi madogo mgongoni. Mama hana pa kuandika. Yeye ana uso wake tu, ndiyo maana kejeli ya kalimati ilimchoma.

Sokoni Majengo mchezo huu unaitwa fungu. Fungu la nyanya linaweza kubaki 500 mwaka mzima, lakini wakati wa mavuno lina nyanya sita, na mvua zikiharibu mashamba huko zinakotoka lina tatu. Ukimwuliza mtu bei ya nyanya atakujibu "mia tano, kama kawaida". Vitunguu, pilipili hoho na dagaa vinakwenda hivyohivyo.

Kisha kuna kopo, na hapa ndipo mwenye kidogo anapotozwa zaidi. Chukua mafuta ya kula ya kupima. Tuseme lita moja dukani ni 5,000. Anayenunua kwa siku atatoa 500 na kumiminiwa kipimo kwenye kichupa chake. Angepata sawasawa na mwenye lita, kipimo kingekuwa mililita 100. Kikiwa 80, basi kufikia siku ya kumi atakuwa ametoa 5,000 na kupata mililita 800. Lita yake imemgharimu 6,250, yaani robo zaidi ya jirani aliyekuwa na noti ya elfu tano mkononi siku ya kwanza. Simwiti mangi, mwenye duka, mwizi. Amenunua dumu zima, mengine yanamwagika, anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, na daftari lake la madeni lina majina ambayo hayatalipwa. Huduma ya kukuuzia kidogokidogo ina gharama. Ubaya wake ni kwamba gharama hiyo anaibeba asiyeweza kununua kwa wingi.

Usisahau chenji. Ukidai hamsini, unapewa pipi au bigijii. Ni zawadi usiyoiomba, kwa bei aliyoipanga mwenye duka.

Andazi linatoka mbali

Vunja andazi uangalie ndani: unga wa ngano, sukari, mafuta, hamira, moto. Karibu kila kimoja kina safari yake.

Ngano tunayolima ni kidogo ukilinganisha na tunayokula, kwa hiyo sehemu kubwa inakuja kwa meli. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zinazolisha dunia ngano na mafuta ya alizeti ziliingia vitani kwa pamoja, na Machi mwaka huo fahirisi ya bei za vyakula ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifika kiwango cha juu kuliko wakati wowote tangu ianze kutolewa. Ngano hulipiwa kwa dola. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023, ikavuka 2,700 mwaka 2024 kabla ya kurudi karibu 2,400 mwisho wa mwaka. Hata ngano ingetulia kule ilikolimwa, ingefika hapa imepanda.

Sukari ni kisa cha karibu zaidi. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zililowesha mashamba ya miwa kiasi kwamba viwanda vilishindwa kuvuna na kusaga, vikiwemo vya jirani zetu Morogoro. Januari 2024 serikali ikatangaza bei elekezi, lakini bei ya tangazo na bei ya dukani zilikuwa vitu viwili tofauti. Mitaani kilo iliuzwa zaidi ya 4,000 na wengine waliificha. Baadaye mwaka huo sheria ilibadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao uweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Kwa wiki zile za uhaba watoto walijua kabla ya wazazi: ubuyu wa rangi ulipungua utamu, barafu zikawa maji yenye rangi. Mbuyu wenyewe uko hapahapa Dodoma, hauhitaji dola wala mbolea. Lakini ubuyu wa kwenye kifuko ni sukari iliyobandikwa kwenye mbegu.

Mafuta ndiyo yanayoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu tunaishi katikati ya alizeti. Dodoma na Singida ndiko kapu la zao hilo, ukipita barabara ya kwenda Manyoni msimu wa maua utadhani mtu amemwaga rangi. Hata hivyo nchi haizalishi mafuta ya kuitosha, na pengo hujazwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kwa takriban wiki tatu, ili kulinda walaji wake. Mama wa Nkuhungu, ambaye hajui Indonesia iko upande gani, alilipia uamuzi huo kwenye karai lake.

Na hapo kuna fundo ambalo hakuna waziri aliyelifungua vizuri. Ushuru wa mafuta ya nje ukilegezwa, mlaji anapumua, lakini viwanda vidogo vya kukamua vinakosa soko na mbegu za mkulima zinaanguka bei. Ndicho kilichowaliza wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma mwaka 2023. Ushuru ukikazwa, mkulima anapumua na mlaji analia. Mara nyingi ni mtu yuleyule: anauza gunia la alizeti mwezi wa saba na ananunua mafuta ya kopo mwezi wa kwanza.

Yai nalo linafuata njia kama hiyo, ila ndefu zaidi. Kuku wa mayai hula pumba za mahindi na mashudu, na mashudu ni makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Mahindi hushuka bei baada ya mavuno na kupanda kuanzia mwisho wa mwaka. Nenda soko la kimataifa la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mwezi wa saba: malori yamejaa, wengine wakipakia kwenda mikoani, wengine kuvuka mipaka. Mkulima anauza wakati huo kwa sababu ada ya shule haisubiri. Rudi mwezi wa pili utamkuta mmoja wao ananunua sado mojamoja. Nchi jirani zikikosa mvua, kama Zambia ilivyokosa mwaka 2024 hata ikafanya makubaliano ya kununua tani 650,000 za mahindi kutoka Tanzania, mahitaji yanaongezeka. Mimi si katika wanaotaka mipaka ifungwe. Mkulima ana haki ya kuuza penye bei. Lakini mahindi yakipanda, pumba inapanda, trei ya mayai inapanda, na mwisho wa mnyororo huo kijana anasimama mbele ya banda la chipsi akitafakari kama leo ni chipsi mayai au chipsi kavu.

Juu ya yote hayo kuna barabara. Tuko kama kilomita 450 kutoka bandarini. Mchele, ndizi, viazi na nyanya za jijini navyo vinakuja kwa lori kutoka mikoa mingine. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli, na Dodoma huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri. Agosti 2022 petroli Dar es Salaam ilifika 3,410 kwa lita hata baada ya serikali kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Siku ile nauli ya lori ilipanda, na sijawahi kusikia dereva aliyeishusha kwa hiari.

Mji wenyewe umebadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ilikuta 765,179 katika jiji. Serikali ilipohamia hapa kwa kishindo kuanzia 2016, ilikuja na mishahara, na mishahara ikaja na hamu ya kula. Bunge likiwa linakaa, hata supu ya asubuhi inajua. Kibanda cha biashara kinachopangishwa kwa bei ya mji mkuu hakiwezi kuuza chai kwa bei ya mji mdogo wa zamani. Kodi hiyo haionekani kwenye unga wala kwenye sukari, lakini imo ndani ya andazi.

Kipato nacho hupanda, kwa baadhi. Mei Mosi ya 2025 iliyofanyika Singida ilitangaza kima cha chini cha utumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mwenye ajira hiyo alipata pumzi. Bodaboda, mchuuzi wa karanga na mama wa maandazi hawana mwajiri wa kuwatangazia. Nyongeza yao ni kuongeza bei, na wakiiongeza wanalipana wao kwa wao.

Halafu kuna vitu ambavyo havitupi hata udhuru wa karibu. Chokoleti, kwa mfano. Kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 kwa sababu ya magonjwa ya mimea na hali mbaya ya hewa huko Ivory Coast na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Wakulima wa kakao wa Kyela, mkoani Mbeya, walifurahia. Sisi tuliokuwa tunamnunulia mtoto kipande kimoja siku ya matokeo ya mtihani tulihamia kashata, na sioni kama mtoto alidhulumiwa sana.

Sukari ilipotulia, nilirudi kwa mama. Nikamwambia, kwa utani wa nusu kweli, kwamba sasa atuonee huruma.

"Sukari imeshuka, nimekubali," akasema akigeuza maandazi kwa mti. "Mkaa umeshuka? Mwenye kibanda ameshusha? Leo nikirudi mia, mwezi ujao kikipanda kimoja, nitasimama mbele yenu niseme nini? Mara ya kwanza mlinicheka. Mara ya pili mtanihama."

Ndiyo maana bei za vitu vya kupima, kama mahindi, hupanda na kushuka na msimu, lakini bei za vitu vya sarafu, kama andazi, zikishapanda hukaa. Mwuzaji hashughulikii unga tu, anashughulikia uso wake kwa wateja, na kuubadilisha mara mbili ni gharama.

Nikiwa bado nimesimama alikuja binti wa kama miaka saba, sare ya shule, mkononi sarafu moja ya mia. Hakusema kitu. Mama alichukua kisu, akakata andazi katikati, akalifunga nusu kwenye kipande cha gazeti na kumpa. Nusu nyingine akaiweka pembeni, juu ya sinia ndogo ambayo sikuwa nimeiona. Kulikuwa na nusu nyingine tano pale.